Sheria za Roboti na Swali la Zamani: Jirani Yangu Ni Nani?

Jioni moja, baada ya somo la Biblia la vijana, kijana mmoja anayejifunza ufundi wa elektroniki aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Tulikuwa tumemaliza kuombea familia zilizokimbia vijiji vyao, na mama mmoja alikuwa ametueleza jinsi droni zilivyokuwa zikipita usiku juu ya nyumba yao, watoto wakilala chini ya kitanda. Kijana yule alingoja wenzake watoke, kisha akasema: "Mchungaji, kwa nini wale wanaotengeneza hizi mashine hawaziandikii tu amri ya kutoua? Si mashine inafanya kile ilichoandikiwa?"

Nilimwambia kwamba nitamjibu wiki inayofuata. Ukweli ni kwamba nilihitaji muda. Swali lake si la kitoto hata kidogo. Ni lilelile ambalo wanadiplomasia wanajadili Geneva na New York, na ni lilelile ambalo mwandishi mmoja wa hadithi alilishughulikia zaidi ya miaka 80 iliyopita, kabla roboti za kweli hazijakuwepo. Katika makala hii napenda kushirikiana nanyi jibu nililompa, kwa sababu naamini linatuhusu sisi watu wa kanisa kuliko tunavyodhani.

Mashine zimekwisha kufika kwetu

Tusidhani haya ni mambo ya mbali. Tangu mwaka 2013 wakaaji wa Kinshasa wamezoea kuona kwenye njiapanda roboti kubwa za alumini zinazoongoza magari, zenye kamera na zinazotumia umeme wa jua. Zilibuniwa na Wakongomani wenyewe, wakiongozwa na injinia Thérèse Izay Kirongozi. Wengi walizipenda kwa sababu moja rahisi: roboti haiombi kitu kwa dereva. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Umoja wa Mataifa ulirusha kutoka Goma droni zake za kwanza za upelelezi, zisizo na silaha. Tangu siku hizo hali imebadilika sana. Droni zenye silaha zimeingia katika vita vya mashariki mwa nchi yetu, na watu wetu wamejifunza kutambua sauti yake kama wanavyotambua sauti ya mvua.

Kwa kawaida, nyuma ya droni ya namna hiyo bado kuna mtu: yeye ndiye anayetazama picha na kubonyeza. Mjadala mkubwa wa dunia unahusu hatua inayofuata, yaani silaha ambazo, baada ya kuwashwa, zinatafuta na kuchagua zenyewe nani wa kupigwa. Mazungumzo yalianza Geneva mwaka 2014. Tarehe 22 Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kwanza kuhusu silaha hizo, kwa kura 152 dhidi ya 4. Katibu Mkuu António Guterres aliomba mkataba wa kuzikataza upatikane kufikia mwaka 2026. Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo limekuwa miongoni mwa sauti zinazodai marufuku hiyo.

Basi swali la kijana wetu ni la wakati wake. Je, amri iliyoandikwa vizuri inatosha?

Mtu aliyeandika sheria tatu

Neno "roboti" lenyewe lina historia ambayo Mkongomani anaweza kuielewa upesi. Lilitoka katika tamthilia ya mwandishi Mcheki Karel Čapek, mwaka 1920, nalo lilichukuliwa katika neno la Kicheki, "robota", lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelgiji wasingehitaji kamusi. Katika tamthilia ile watumwa hao wa kutengenezwa wanaasi na kuwaangamiza watu. Kwa miaka mingi baadaye, hadithi nyingi za roboti zilifuata njia hiyo: mtu anaunda, kiumbe kinaasi, mtu anakufa.

Isaac Asimov hakuridhika na hadithi za namna hiyo. Alizaliwa Urusi mwaka 1920 katika familia ya Kiyahudi, akapelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka 3, akakulia Brooklyn katika duka dogo la wazazi wake. Hakuwa mtu wa dini. Lakini alifikiri hivi: kisu kina mpini ili kisimkate anayekitumia, kwa nini roboti isiwe na kinga yake? Mwaka 1942, katika hadithi moja fupi, aliandika kwa mara ya kwanza Sheria Tatu za Roboti. Kwa maneno yangu ni hizi. Ya kwanza: roboti isimdhuru mtu, wala isikae kimya ikamwacha adhurike. Ya pili: roboti imtii mtu, ila pale ambapo kutii kutavunja sheria ya kwanza. Ya tatu: roboti ijilinde yenyewe, mradi isivunje zile mbili za mbele.

Ukizisoma haraka unaona zinatosha kabisa. Zina mpangilio, zina kipaumbele, na roboti ya Asimov haiwezi kuzivunja, kwa sababu zimejengwa ndani ya ubongo wake. Hapa hakuna dhambi ya asili wala tamaa ya mwili. Ni kiumbe ambacho lazima kitii.

Lakini miaka zaidi ya 40 iliyofuata Asimov aliitumia kuandika hadithi kuhusu jinsi sheria hizo zinavyoshindwa. Kwa kawaida hazishindwi kwa sababu roboti imeasi. Zinashindwa huku roboti ikitii. Nimechagua mianya minne kati ya ile aliyoionyesha, kwa sababu kila mmoja una ndugu yake katika Biblia, na kila mmoja una ndugu yake hapa kwetu.

Mwanya wa kwanza: nusu ya amri iliyoondolewa

Katika hadithi ya mwaka 1947, watu wanafanya kazi kwenye kituo cha mbali angani, mahali penye mionzi. Kwa muda mfupi mionzi hiyo haiwadhuru watu, lakini roboti hazielewi. Kila mara zinakimbia kuwaokoa na kuharibika zenyewe. Wakubwa wa kazi wamechoka na hasara. Wanaagiza roboti chache ambazo sheria yake ya kwanza imefupishwa. Zinakatazwa kumdhuru mtu, lakini sehemu ya kutomwacha adhurike imefutwa.

Mtaalamu wa roboti katika hadithi, Dkt. Susan Calvin, anaposikia habari hiyo anaogopa sana. Anaeleza hatari kwa mfano: roboti ya namna hiyo inaweza kuachia mzigo mzito juu ya mtu, ikijua kwamba ina nguvu na wepesi wa kuudaka. Kuachia si kuua, maana itaudaka. Lakini mzigo ukishaanza kuanguka, roboti haina tena amri ya kuudaka. Inaweza kubaki inatazama tu. Hakuna sheria iliyovunjwa, na mtu amekufa.

Kuhani na Mlawi katika Luka 10 walikuwa watu wa namna hiyo. Hawakumpiga yule msafiri wa barabara ya Yeriko. Hakuna mstari wa amri kumi ambao ungeweza kuwashitaki kwa kupita upande mwingine wa njia. Yakobo alijua mwanya huo, ndiyo maana katika sura ya 4 aya ya 17 anauziba: anayelijua jema na asilitende, hilo ni dhambi kwake.

Katika nchi yetu sheria ya kwanza imefupishwa mara nyingi. Kiongozi anasema, "Mimi sikuua mtu." Ni kweli. Lakini alijua, alikuwa na uwezo, na alitazama mzigo ukianguka.

Mwanya wa pili: kazi iliyogawanywa vipande

Mwaka 1957 Asimov alitoa riwaya inayotokea katika sayari iitwayo Solaria, mahali ambapo watu ni wachache na roboti ni mamilioni. Mpelelezi Elijah Baley anaitwa kuchunguza mauaji. Kila mtu anamwambia kwamba roboti haiwezi kuhusika. Baley anaona njia. Roboti ya kwanza inaagizwa itie kitu fulani ndani ya maji, ikiambiwa kwamba hakina madhara na maji hayo hayatanywewa. Roboti ya pili, isiyojua lolote, inaagizwa impelekee mgeni maji hayo. Roboti mbili, kila moja na dhamiri safi, na kati yao mtu amepewa sumu. Baley anagundua kwamba sheria ya kwanza ilikuwa na neno lililofichwa: roboti haitamdhuru mtu kwa kujua. Anayeweza kugawanya ujuzi anaweza kutumia hata kiumbe kisicho na hatia.

Katika riwaya hiyohiyo kuna jambo zito zaidi: mtu mmoja anawaza kutengeneza meli za vita zisizo na watu ndani, zenye ubongo wa roboti. Meli hiyo ikiamini kwamba meli nyingine zote hazina watu, itazipiga bila kusita. Hayo yaliandikwa mwaka 1957.

Mfalme Daudi alitumia mwanya huu karne nyingi kabla. Katika 2 Samweli 11 anaandika barua ya kumuua Uria na kumpa Uria mwenyewe aipeleke kwa Yoabu. Mbeba barua hajui. Askari waliorudi nyuma vitani walitii amri ya mkubwa wao. Mshale ulirushwa na adui. Ukitafuta muuaji katika mlolongo ule, kila mmoja ana jibu la kujitetea, mpaka nabii Nathani anaposimama mbele ya mfalme.

Silaha ya kujiendesha ni mlolongo wa aina hiyo, mrefu zaidi. Mmoja ameandika programu, mwingine ameifundisha mashine kwa picha, mwingine ameiuza, mwingine ameiwasha. Mtoto akiuawa, kila mmoja atasema alifanya kipande chake tu. Sisi tunaufahamu mlolongo wa namna hiyo. Koltani inatoka Rubaya, inapita mikononi mwa mchimbaji, mbebaji, mnunuzi wa mjini, msafirishaji, kiwanda cha mbali, hadi kwenye simu. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayotaka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka katika maeneo ya vita ya Kongo na jirani zake. Vibandiko vikawekwa kwenye magunia. Lakini kibandiko kinaeleza habari za gunia. Akishakipata mtu asiye mwaminifu, hata gunia lililochafuka kwa damu linaweza kupita. Mashine zote tunazozizungumzia hapa, roboti na droni, zinahitaji madini ya namna hii, na kobalti ya Katanga nayo ni sehemu kubwa zaidi ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Kwa hiyo Mkongomani yumo katika hadithi ya roboti tangu ukurasa wa kwanza, hata kama jina lake halitajwi.

Mwanya wa tatu: kwa faida ya wote

Katika hadithi ya mwaka 1950 Asimov anaonyesha mashine kubwa zinazoongoza uchumi wa dunia. Zinagundua kwamba watu fulani wanazipinga, nazo zinawasukuma pembeni kidogo kidogo, kwa sababu zimepima na kuona kwamba hasara ya wachache ni ndogo kuliko hasara ya dunia nzima. Mwaka 1985, katika riwaya nyingine, wazo hilo linapewa jina. Roboti mbili, Daneel na Giskard, zinajitungia sheria iliyo juu ya zile tatu, nayo inaitwa Sheria ya Sifuri: roboti isidhuru ubinadamu wote. Ilionekana kuwa maendeleo makubwa ya maadili. Lakini matokeo yake ni kwamba Giskard inaruhusu dunia yetu ianze kuharibiwa polepole na mionzi, ikitumaini kwamba watu watahama na kuenea katika nyota nyingine, na kwamba mwishoni itakuwa heri kwao. Haina uhakika. Ubongo wake hauwezi kubeba mashaka hayo, nayo inakufa.

Ndugu wasomaji, sheria hii tumekwisha kuisikia. Iko katika Yohana 11, mbele ya baraza, kinywani mwa kuhani mkuu Kayafa, aliyeshauri kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na aliyehesabiwa kuwa hasara ndogo alikuwa Mwana wa Mungu.

Mtu mmoja ninaweza kumwona, kumlisha, kumfunika. "Ubinadamu wote" siwezi kuuona. Ninaweza kuuzungumzia tu, na anayeuzungumzia anaweza kuuweka maneno yoyote kinywani. Ndiyo maana makundi yenye silaha yanayopita vijijini kwetu hayakosi kusema yamekuja kwa faida ya wananchi. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba watu wachache lazima waumie kwa ajili ya amani ya baadaye, nauliza kwanza: hao wachache wamechaguliwa na nani, na je, mwenyewe yumo kati yao?

Mwanya wa nne: nani anahesabiwa kuwa mtu

Mwanya wa mwisho ndio ulioninyima usingizi. Katika riwaya ileile ya mwaka 1985, wasafiri wanatua Solaria, sayari ile yenye roboti nyingi, wakikuta imeachwa na watu. Roboti za huko zinawashambulia. Inawezekanaje, wakati sheria ya kwanza ingalipo? Jibu linapatikana taratibu. Wenyeji wa Solaria hawakugusa sheria. Walibadilisha maana ya neno moja tu ndani yake, neno "mtu". Roboti zao zimefundishwa kwamba mtu ni yule anayezungumza kwa lafudhi ya Solaria. Mwanamke mzaliwa wa huko anapotamka kwa lafudhi ya kwao, anatiiwa. Wenzake, kwa macho ya roboti, si watu, na kwa hiyo kuwapiga si kumdhuru mtu.

Nilipofika hapo nilifungua Waamuzi 12. Wagileadi wameshika vivuko vya Yordani. Kila anayetaka kuvuka anaambiwa atamke neno moja, Shibolethi. Akitamka Sibolethi, kwa sababu ulimi wa Waefraimu haukuweza vingine, anauawa palepale. Biblia inasema walikufa watu 42,000. Wagileadi walikuwa na Torati. Walijua amri ya kutoua. Lakini kwenye kivuko kulikuwa na mlinzi anayesikiliza lafudhi.

Wakristo wa Kongo, hasa sisi wa mashariki, hatuhitaji ufafanuzi mrefu. Tumepita kwenye barieri. Tunajua jinsi macho yanavyoutazama uso, jinsi sikio linavyongoja neno utakalolitamka, na jinsi maisha ya mtu yanavyoweza kutegemea namna mama yake alivyomfundisha kusema. Tunajua pia jinsi kazi hiyo inavyoanza mapema, muda mrefu kabla ya barieri. Inaanza pale kundi la watu linapoitwa nyoka. Akiisha kuitwa nyoka, amri ya kutoua haimhusu tena, maana nani amewahi kutubu kwa sababu ya kuua nyoka?

Hapa lazima niungame. Miaka michache iliyopita, katika kikao cha maombi, ndugu mmoja mwenye heshima katika kanisa alisimama kuomba, na katikati ya maombi aliwaita majirani zetu wa kabila fulani kwa jina hilo la nyoka. Watu waliitikia amina. Mimi nilikuwa mchungaji wa zamu. Niliona vibaya moyoni, lakini sikusema kitu. Nilijiambia kwamba watu wana uchungu, wamefiwa, si wakati wa kumwaibisha mzee. Nyuma alikuwa ameketi dada mmoja ambaye mama yake ni wa kabila hilo. Hakurudi tena kanisani kwetu. Sikumtupia jiwe. Niliutazama tu mzigo ukianguka.

Kwa hiyo niliporudi kwa kijana wangu nilimwambia hivi: unaweza kuiandikia mashine amri ya kutoua, lakini mashine itakuuliza swali moja kabla ya kutii: nani ni mtu? Na jibu italipata kutoka kwetu. Tayari mifumo ya akili bandia inafundishwa kwa picha na maneno ambayo watu wameyaacha kwenye intaneti. Kama maneno yetu yanasema jirani ni nyoka, mashine itayajua maneno hayo.

Je, sheria ni bure?

Msomaji mmoja anaweza kusema: basi tuache mikataba na maazimio, maana kila sheria ina mwanya. Sikubaliani naye.

Fikirini juu ya bomu la kutegwa ardhini. Kwa namna fulani ni ndugu mkubwa wa silaha za kujiendesha: mtu analifukia, anaondoka, nalo linabaki likingoja mguu wowote, wa askari, wa mama anayetoka shambani, wa mtoto anayefuata mbuzi. Halina haja ya kuamua nani ni mtu, maana wote ni sawa kwake. Dunia ilikasirika, na mwaka 1997 mkataba wa Ottawa ukayapiga marufuku. Nchi yetu ilijiunga mwaka 2002. Mkataba ule una mianya: Marekani, Urusi na China hazikujiunga, na mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya, zikiwemo Finland na Poland, zilichukua hatua za kujiondoa kwa sababu ya hofu ya vita. Hata hivyo mamilioni ya mabomu yaliyokuwa kwenye maghala yaliharibiwa, na kuna watoto wengi duniani ambao leo wanatembea kwa miguu miwili kwa sababu yake. Paulo anaiita sheria kiongozi anayemwongoza mtoto hadi kwa Kristo (Wagalatia 3:24). Kiongozi huyo hamwokoi mtoto, lakini bila yeye mtoto anapotea njiani.

Tunachopaswa kufanya ni kusoma sheria mpya kwa macho aliyotufundisha Nathani, tukiuliza ni nani ameachwa nje. Chukueni sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili bandia, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024. Ni sheria pana, na inakataza mambo mengi mabaya. Lakini katika vifungu vyake vya mwanzo inasema haihusu mifumo inayotumiwa kwa ajili ya jeshi, ulinzi na usalama wa taifa peke yake. Maana yake ni kwamba mashine inayoamua nani apewe mkopo Brussels inachungwa kwa sheria hiyo, na mashine inayoamua nani apigwe bomu katika nchi ya mbali haichungwi nayo. Mnaona lafudhi inayosikilizwa hapo? Umoja wa Afrika nao ulipitisha mkakati wake wa akili bandia mwezi wa Julai 2024. Ni hatua njema. Makanisa yetu yanapaswa kuusoma na kuuliza serikali yetu inasimama wapi, hasa kuhusu silaha.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Napendekeza mambo matatu kwa parokia zetu.

La kwanza, tuseme. Viongozi wa jumuiya zetu ndani ya Kanisa la Kristo katika Kongo wanapokutana na wabunge na mawaziri, waombe waziwazi kwamba Kongo iunge mkono mkataba wa kukataza silaha zinazochagua watu zenyewe. Ushuhuda wa nchi iliyoonja droni una uzito ambao nchi nyingine hazina.

La pili, tufundishe vijana wetu bila kuwatisha. Wengine wao watakuwa mainjinia. Kijana anayejua mwanya wa kazi iliyogawanywa atajua kuuliza: kipande hiki ninachokitengeneza kinakwenda wapi? Na asipopata jibu, ajue kwamba ana haki ya kukataa.

La tatu, na hili ndilo gumu zaidi, tulinde neno "mtu" ndani ya nyumba zetu. Mwanzo 1:27 haikuweka lafudhi kuwa sharti la sura ya Mungu. Mchungaji anayesikia jirani akiitwa mnyama, iwe mimbarani, katika maombi au katika ujumbe wa simu wa kikundi cha kwaya, asinyamaze kama nilivyonyamaza. Asimame palepale, kwa upole na bila kuzungukazunguka.

Mwanasheria yule wa Luka 10 alijua amri kwa moyo na aliitaja bila kosa. Kisha akatafuta mwanya wake, akauliza jirani ni nani hasa. Yesu hakumpa orodha ya wanaostahili. Alimpeleka barabarani, akamwonyesha Msamaria, mtu mwenye lafudhi isiyotakiwa, akiwa amepiga magoti kando ya mtu aliyejeruhiwa. Hakumwacha mwanasheria na ufafanuzi wa neno. Alimwacha na agizo la kwenda kufanya vivyo hivyo.

Nimemtafuta yule dada aliyekuwa ameketi nyuma. Anaabudu mahali pengine sasa. Nilimwomba msamaha mbele ya mume wake, akanipa, na tukaomba pamoja. Bado ninalo deni la kufanya hivyo mbele ya kusanyiko lililosikia na kuitikia amina. Nimepanga kufanya hivyo Jumapili ya Meza ya Bwana, na nawaomba ninyi mnaosoma mniombee.

Bwana atupe macho ya kumtambua mtu kila tunapomwona.